Usiku wa drafti umefika: mashabiki wa Lakers mnategemea tredi gani?

Ribaundi_Kwanza, 25 Juni 2025, saa 5:10 asubuhi

Wakuu habari za leo. Usiku wa leo ndo drafti ya NBA, ile shughuli ya timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi ya kwanza inapigwa Barclays Center kule Brooklyn, kwa saa za Afrika Mashariki ni saa tisa usiku wa kuamkia kesho, raundi ya pili usiku unaofuata. Wenzetu wanabishana wamchukue kijana gani, sisi Lakers hata cha kubishania hatuna, manake hatuna chaguo la raundi ya kwanza, tunalo moja tu la namba 55 na mwaka huu wanachaguliwa wachezaji 59 kwa ujumla, kwahiyo hapo tuko mkiani kabisa. Kwahiyo kama kuna kitu cha kutubadilisha kati ya leo na kesho basi ni tredi, yaani kubadilishana wachezaji au machaguo na timu nyingine.

Kinachoniuma mimi ni senta, yule mtu mrefu wa chini ya ringi. Mlioangalia mechi ya tano ya mtoano na Minnesota mtakuwa hamjasahau, hao Wolves walirusha mipira 47 ya pointi tatu wakaingiza 7, saba tu wakuu, siku kama hiyo timu yoyote inatakiwa ifungwe, lakini Rudy Gobert akachukua pointi 27 na ribaundi 24 na sisi tukaaga mashindano kwa 4-1. Timu imeshinda mechi 50 msimu mzima, imeshika nafasi ya tatu kanda ya Magharibi, ina Luka, ina LeBron, ina Reaves, alafu inang'olewa raundi ya kwanza kwasababu chini ya ringi hakuna mtu.

Na soko limeshachemka. Desmond Bane kaenda Orlando kwa machaguo manne ya raundi ya kwanza, Durant kaenda Houston, Jrue Holiday Portland, usiku wa kuamkia leo Porziņģis kapelekwa Atlanta. Swali langu: mnategemea nini kutoka kwa Pelinka, meneja wetu? Tutoe chaguo letu la raundi ya kwanza la 2031 tupate senta saivi au tukae nalo? Na kama tunatoa, tunampa nani na tunamchukua nani? Naomba hoja, sio majina tu.

---

Hamasa_Lakers, saa 5:32 asubuhi

Mimi natoa. Sifikirii mara mbili. LeBron ana miaka 40 na Desemba anafikisha 41, unamtunzia nani chaguo la 2031? Huyo kijana atakayechaguliwa 2031 saivi yuko shule ya msingi au anaanza sekondari, na sisi tunataka ubingwa mwakani. Chukua senta kama Walker Kessler wa Utah au Nic Claxton wa Nets, toa Rui na Knecht wetu, toa chaguo, maliza kazi leo leo kabla wengine hawajawahi. Luka akiwa Dallas alifika fainali 2024 akiwa na Gafford na Lively, watu wawili wa kukimbilia ringi na kudaka mipira ya juu, sio nyota hao, ni watu warefu wanaojua kazi yao. Mpe Luka mtu wa hivo uone.

---

DadaPivoti, saa 6:04 mchana

Hamasa kaka yangu nakuelewa ila tuanze na hesabu ya tulichonacho, manake watu wanatoa machaguo kama vile stoo imejaa.

Tuna chaguo moja tu la raundi ya kwanza ambalo tunaweza kulitoa, nalo ni hilo la 2031. Moja. Sababu ni sheria ya Stepien, imepewa jina la Ted Stepien aliyekuwa mmiliki wa Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 80, huyo bwana aligawa machaguo ya timu mpaka ligi ikaona imzuie. Sheria inasema timu isijikute haina chaguo la raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Sasa angalia: la kwetu la 2027 liko Utah, lina kinga ya nne bora tu, yaani linabaki kwetu likiangukia nafasi nne za juu tu, na la 2029 liko Dallas, tulilitoa kumpata Luka. Ukitoa la 2026 unakuwa umekosa 2026 na 2027, la 2028 limebanwa katikati ya mawili yaliyokwenda, na la 2030 linakaa jirani na 2029. Yote matatu yamefungwa. Unachoweza kumpa mtu kwa miaka hiyo ni haki ya kubadilishana nafasi, yaani chaguo lake likiwa baya kuliko letu anachukua letu na sisi tunachukua lake, kwasababu hapo bado unabaki na chaguo mkononi.

Drafti ikishapita dirisha linasogea mwaka mmoja, timu inaruhusiwa kwenda miaka saba mbele, kwahiyo 2032 nalo linaingia mezani, lakini bado utatoa moja kati ya 2031 na 2032, sio yote mawili, sheria ni ile ile.

Upande wa mishahara tuna Rui Hachimura kama milioni 18 za dola, Gabe Vincent milioni 11 na nusu, Maxi Kleber milioni 11, wote mikataba yao inaisha 2026, kwahiyo timu inayotaka kupumua mwakani itaipenda. Claxton anapokea zaidi ya milioni 25, maana yake lazima uunganishe wawili ili mishahara ikaribiane, na hapo hapo ukumbuke Rui alikuwa anaanza kwenye kikosi chetu na anapiga tatu vizuri, kwahiyo unaziba shimo moja unachimba lingine.

Jibu langu kwa mleta mada: leo usiku nategemea kitu kidogo. Kununua kupanda kutoka 55, yaani kulipa pesa tupate nafasi ya juu zaidi, basi. Senta nadhani atakuja kwenye soko la wachezaji huru, wale waliomaliza mikataba.

---

MzeeShowtime, saa 7:20 mchana

Vijana wangu, DadaPivoti amehesabu vizuri, mimi nataka kuongeza kwanini hesabu yetu imekuwa nyembamba hivi, manake haya machaguo hayakupotea yenyewe.

Mwaka 2019 tulimchukua Anthony Davis kutoka New Orleans. Tulitoa Ingram, Lonzo Ball, Josh Hart, namba 4 ya mwaka ule, na machaguo ya mbele. Ubingwa tukapata 2020, mimi sijutii hata kidogo, hiyo tredi ilijilipa. Lakini moja ya yale machaguo New Orleans walikuwa na haki ya kuchagua walipokee 2024 au walisogeze 2025, wakalisogeza, alafu wakalipeleka Atlanta walipomchukua Dejounte Murray, na kwenye hii dili ya Porziņģis ya juzi Atlanta wamelipeleka Brooklyn. Ndo hiyo namba 22 ya usiku wa leo. Yaani Davis mwenyewe ameshakuwa wa Dallas na sisi bado tunamlipia.

Sasa ile ya 2021 ndo inayonichoma. Siku hiyo hiyo ya drafti, tarehe 29 Julai, tukamleta Russell Westbrook tukatoa Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope, Harrell na namba 22 ya mwaka ule. Kuzma na Caldwell-Pope walikuwa kwenye timu ya ubingwa wa 2020, watu wanaojua kucheza pembeni ya LeBron, mmoja analinda mmoja anafunga, tukawatoa kwa jina kubwa. Msimu uliofuata tukashinda mechi 33 tukafungwa 49, hata mtoano hatukuugusa. Na Caldwell-Pope akaenda kuchukua ubingwa mwingine na Denver 2023. Haikuishia hapo, Februari 2023 ili tumtoe Westbrook ikabidi tuambatanishe chaguo, na chaguo lenyewe ndo hilo la 2027 ambalo dada anasema liko Utah. Kwahiyo kosa la usiku mmoja wa drafti linatubana mikono mpaka leo, ndo linafunga 2026 na 2028.

Siwaambii tusitredi. Usiku wa drafti ndo uliotupa Kobe. 1996 Charlotte walimchagua namba 13 kwa niaba yetu, kijana wa miaka 17 kutoka sekondari, na sisi tukamtoa Vlade Divac, senta wetu aliyekuwa anaanza. Mshahara wa Divac ulipoondoka ndo ikapatikana nafasi ya kumsajili Shaquille O'Neal mwezi uliofuata. Wakati ule meneja wetu Jerry West alijua anachofuata hatua mbili mbele. Hilo ndo ninalolidai kwa Pelinka, ukitoa 2031 nionyeshe hatua ya pili.

---

Ribaundi_Kwanza, saa 7:41 mchana

Mzee Showtime shikamoo, na asante sana. Hilo la namba 22 kuzunguka timu tatu sikuwa nimeliunganisha hivo.

DadaPivoti swali dogo: ile dili ya kumchukua senta Mark Williams wa Charlotte iliyovunjika Februari, si tulikuwa tunatoa hilo hilo la 2031? Kwanini wakati ule ilionekana sawa na leo tunaliogopa?

---

DadaPivoti, saa 8:02 mchana

Ndiyo, hilo hilo. Charlotte walikuwa wanapata Knecht, Cam Reddish, 2031 bila kinga yoyote, na haki ya kubadilishana ya 2030. Alafu vipimo vya afya vikagoma na dili ikafutwa. Mimi hata wakati ule niliona bei ni kubwa kwa mchezaji ambaye misimu yake ya mwanzo amekosa mechi nyingi kwa majeraha, ila nilielewa, Luka alikuwa ndo kwanza amefika, timu haina senta, na dirisha la Februari linafungwa kesho yake, ukiwa na haraka muuzaji anapanga bei anavyotaka. Juni ni tofauti. Juni kuna soko la wachezaji huru mbele, kuna timu zinazokimbia kodi, kuna muda. Chaguo la 2031 lisilo na kinga lina thamani kubwa kwa sababu kila mtu anajua LeBron hatakuwepo na hakuna anayejua Lakers watakuwaje, kwahiyo mnunuzi anaota namba tatu, namba tano. Kitu kinachoota hivo usikitoe kwa mtu wa kucheza dakika 24.

---

Kijani_Damu, saa 8:45 mchana

Mimi wa Boston, naomba nichangie kistaarabu maana hii mada ni nzuri.

Mnachotakiwa kukiangalia mwaka huu sio nani anataka mchezaji, ni nani anakimbia aproni ya pili, ule mstari wa juu wa jumla ya mishahara ya timu. Timu ikipita ule mstari inafungwa mikono kabisa: hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumchukua mmoja, hairuhusiwi kutoa pesa taslimu kwenye tredi, na chaguo lake la miaka saba mbele linagandishwa, ukikaa huko juu muda mrefu linasukumwa mwisho wa raundi. Ndo maana sisi tumemtoa Holiday tukapokea Simons, na Porziņģis tukapokea Niang na chaguo la raundi ya pili. Hebu fikirieni, mwaka mmoja tu baada ya ubingwa wa 2024. Tatum amechanika mshipa wa kisigino Mei, mwakani hatupo kwenye mbio, mmiliki hawezi kulipa kodi ya namna ile kwa timu isiyo na Tatum. Inauma ila ndo hesabu.

Maana yake kwenu ni kwamba bei za wachezaji wazuri zimeshuka kwa wale wenye nafasi ya kupokea mshahara. Atlanta wamempata Porziņģis kwa karibu bure. Msiende kwa Utah ambaye hana haraka, nendeni kwa mtu mwenye haraka.

---

Hamasa_Lakers, saa 9:15 mchana

Kijani asante kwa ustaarabu ila sisi na nyie tofauti, nyie mmeshachukua ubingwa juzi. Mimi bado nasema kusubiri ni njia ya kumpoteza LeBron bila kitu. Na kwanini hakuna anayemtaja Reaves? Msimu uliopita pointi 20 kwa mechi, mshahara chini ya milioni 14, timu gani itamkataa? Reaves peke yake anakuletea senta wa maana na beki juu yake bila hata kugusa 2031.

---

MzeeShowtime, saa 9:40 mchana

Mwanangu, Reaves hakuchaguliwa na mtu 2021, sisi ndo tuliomwokota na kumlea. Ukishakuwa huna machaguo, watu wa namna ya Reaves ndo machaguo yako. Ukimpa mtu huyo, mbadala wake utampata wapi kwa milioni 14?

---

DadaPivoti, saa 9:52 mchana

Na pia Luka na Reaves wote hawazuii vizuri mbele ya mpira, hilo nakubaliana na wanaolalamika, lakini tatizo hilo linazibwa na senta anayelinda ringi, halizibwi kwa kumtoa Reaves. Mechi ya nne na Wolves Redick alichezesha watu watano wale wale kipindi chote cha pili, Luka, LeBron, Reaves, Rui na Finney-Smith, hakubadilisha hata mmoja, tukafungwa 116-113 kwa uchovu. Ukiona kocha anafanya hivo ujue benchi hana. Sasa ukimtoa Reaves ukapata mmoja umerudi pale pale kwenye watu watano.

---

Hamasa_Lakers, saa 10:05 jioni

Sawa dada, la benchi nimekuelewa. Ila Pelinka akilala leo kesho msiniite kwenye huu uzi.

---

Thunder_Juu, saa 1:30 usiku

Mimi wa Oklahoma City (OKC), nawapita tu nikiwa na furaha ya ubingwa wa Jumapili. Machaguo yanalipa wakuu, sisi tulimtoa Paul George 2019 kwenda Clippers tukapata Shai na machaguo matano, moja ya hayo likawa namba 12 ya 2022, ndo Jalen Williams huyo mliyemwona fainali. Kila mkitaka kutoa chaguo lisilo na kinga kumbukeni upande wa pili kuna meneja kama Sam Presti wetu ameweka kalenda.

---

Ribaundi_Kwanza, 26 Juni 2025, saa 12:15 asubuhi

Sijalala. Mmeona?!

Mark Williams KAENDA PHOENIX. Charlotte wamepata namba 29, Micić na chaguo moja la raundi ya kwanza la 2029. Yule yule. Na Phoenix hao hao kupitia dili ya Durant wamepata namba 10 wakamchukua Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, yaani usiku mmoja wamepata masenta wawili na sisi hatujapata hata mmoja.

Ila kwa Maluach nimefurahi kutoka moyoni jamani. Ameitwa pale jukwaani amevaa kofia ya Houston kwasababu dili ya Durant haijawa rasmi mpaka Julai, anajua anaenda Phoenix lakini kofia ni ya Rockets, na kwenye mahojiano machozi yakamtoka. Huyu kijana amepita chuo cha NBA kule Senegal, amechezea City Oilers ya Uganda kwenye BAL, ligi ya klabu za Afrika, Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17, alafu chuo kikuu cha Duke. Nikimaliza kufurahi ndo nakumbuka atakuwa anatufunga mara nne kwa msimu.

---

DadaPivoti, saa 12:48 asubuhi

Mimi pia nimeangalia mpaka mwisho. Kwa Maluach nililia naye.

Kwa Williams angalia bei wakuu. Februari sisi tulikuwa tunatoa Knecht, 2031 isiyo na kinga, haki ya 2030 na Reddish. Juni Phoenix wametoa namba 29 na chaguo la 2029 ambalo halitarajiwi kuwa la juu. Mchezaji yule yule, miezi minne tu. Kwahiyo anayesema Pelinka kalala, mimi naona vipimo vile vya Februari vilituokoa.

Aliyenishtua ni New Orleans. Wametoka namba 23 kupanda 13 wamchukue Derik Queen, na wamewapa Atlanta chaguo la 2026 lisilo na kinga, bora kati ya la kwao na la Milwaukee. Timu iliyoshinda mechi 21 tu inatoa chaguo la mwakani bila kinga kwa kupanda nafasi kumi! Queen anajua mpira, mikono yake ni mizuri, sina ubaya naye. Lakini hii bei haina mwenzake usiku wa leo. Memphis nao wamepanda kutoka 16 kwenda 11 kumchukua Cedric Coward, wametoa chaguo la Orlando la 2028 na mawili ya raundi ya pili, angalau hao lile la Orlando walilipata kwa Bane siku kumi zilizopita na wana akiba nyingine.

---

Kijani_Damu, saa 1:20 asubuhi

Atlanta wameamka matajiri. Porziņģis juzi, leo hilo la 2026. Kama kuna timu imeelewa Juni ya mwaka huu ni ile.

---

Hamasa_Lakers, saa 2:02 asubuhi

Mimi nimekasirika na sitaficha. Dallas wamemchukua Cooper Flagg kwa bahati ya asilimia 1.8 kwenye bahati nasibu ya namba moja, Spurs wana Wembanyama na wamemwongeza Dylan Harper, Houston wana Durant, OKC mabingwa na bado wana machaguo, Phoenix wana masenta wawili. Magharibi yote inasonga, sisi tumekaa na namba 55. Sibishani na hesabu zenu, hesabu ziko sawa, ila Oktoba tukianza na Jaxson Hayes wetu mbele ya Wembanyama hesabu hazitaruka kuzuia mpira.

---

MzeeShowtime, saa 3:10 asubuhi

Hasira yako ina haki mwanangu. Ila tofautisha kukosa senta na kukosa nafasi ya kumpata. Klabu inauzwa kwa Mark Walter kwa thamani ya dola bilioni 10, huyo ndo wa Dodgers, mtu asiyeogopa kutoa pesa. Pesa haikununulii nyota kwenye ligi yenye kikomo cha mishahara lakini inanunua vitu vya pembeni, madaktari, wasaka vipaji, na hata nafasi za raundi ya pili. Ngoja usiku wa leo.

---

Ribaundi_Kwanza, 27 Juni 2025, saa 12:40 asubuhi

Mzee ulisema na imekuwa. Kutoka 55 tumepanda 45 kwa Chicago, tukawapa pesa taslimu, alafu kutoka 45 tukapanda 36 kwa Minnesota, pesa tena. Hatua mbili, hakuna chaguo la mbele lililotoka, hakuna mchezaji aliyetoka. Namba 36 ni Adou Thiero wa chuo cha Arkansas.

Nimekaa nikaangalia mechi zake mbili tatu. Ni mwili hasa, anaruka, anashambulia ringi, anakaa chini kwenye ulinzi na mikono mirefu, anaweza kumbana mchezaji wa nje na wa ndani. Kupiga tatu bado, hilo tuseme wazi, na goti lilimsumbua mwisho wa msimu ndo maana ameshuka mpaka raundi ya pili. Kocha wake chuoni ni Calipari, na baba yake Almamy Thiero, mtu wa Mali, naye alichezea Calipari pale chuo cha Memphis.

---

DadaPivoti, saa 1:15 asubuhi

Hii ndo niliyoisema juzi, kununua kupanda. Na hapa ndo aproni aliyoisema Kijani inapoonekana, manake timu iliyo juu ya mstari wa pili isingeruhusiwa kutoa hizo pesa taslimu, sisi tumekaa chini yake ndo tumeweza. Beki wa kubana watu tulikuwa hatuna hata mmoja kijana, sasa tuna wa kumlea. Nimeridhika na Thiero, senta bado.

---

Hamasa_Lakers, saa 1:50 asubuhi

Thiero nampenda, siwezi kusema uongo, nimeona anavyoruka. Ila ni kijana wa kusubiri miaka miwili. Nani sasa wa kuanza Oktoba?

---

MzeeShowtime, saa 2:25 asubuhi

Mazungumzo na wachezaji huru yanafunguliwa tarehe 30. Clint Capela yuko huru, Brook Lopez yuko huru, na zipo timu zitakazowaachia watu wao kwa kuvunja mikataba. Kwa Luka mimi namtaka mtu wa kuweka ukuta, kukimbilia ringi na kudaka mpira wa juu, kwahiyo Capela kabla ya Lopez, pamoja na umri wake.

---

DadaPivoti, saa 2:40 asubuhi

Mzee hapo tunatofautiana kidogo, Capela msimu huu miguu ilionekana mizito, mimi ningemchukua Lopez anayepiga tatu ili LeBron na Luka wapate njia ya kuingia ndani, na dakika za kuruka apewe Hayes. Wote wawili hatuwezi kuwalipa sana, ila kwa mkataba mdogo na nafasi ya kuanza pembeni ya Luka mtu anakuja.

---

Ribaundi_Kwanza, saa 3:05 asubuhi

Kwahiyo tumeingia drafti na namba 55 na chaguo la 2031, tumetoka na Thiero na chaguo la 2031, na sasa hata la 2032 limefunguka. Senta hatuna. Nafungua uzi mwingine Jumatatu wa wachezaji huru, Hamasa njoo na majina yako na mishahara yao.